Mlinzi wa Figo

Ndugu hawa wawili hawakupendana, na msomaji asije akadhani ni ule utani wa kurushiana maneno asubuhi na kula sahani moja mchana. Walichukiana kwa utulivu, mwaka hadi mwaka, kama watu walioajiriwa kufanya hivyo. Mkubwa alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Dohani, kwa kuwa tangu ujana wake hakuna aliyemwona akitoka karakana bila moshi kumtangulia mlangoni. Mdogo alisomesha hesabu sekondari, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe, hata wakiwa wawili tu. Mwalimu alipomaliza kujenga nyumba yake, alikwenda dukani akanunua makochi ya kontena, yakiwa bado yamevishwa nailoni. Dohani alizipata habari hizo kwa mteja. Alipokwenda kuuliza, Mwalimu alimjibu mbele ya watu, "Nilitaka makochi ya kukalia, kaka, si ya kuonea huruma." Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana misibani tu, tena kwa kidevu.

Halafu figo za Mwalimu zikafa.

Hazikufa ghafla. Presha ilikuwa imemla miaka mingi, na vidonge alivimeza siku akijisikia, maana mtu aliyezoea kusahihisha wenzake hasahihishiki. Akavimba uso, akavimba miguu, rangi ikamtoka, akawa mtu wa kulazwa pembeni ya mashine ya kuchuja damu na kurudishwa nyumbani akiwa hoi. Ukoo ukapimwa. Mama yao alikuwa mzee mno, dada yao wa katikati alikuwa na sukari, watoto walikuwa wadogo. Akabaki Dohani, na vipimo vyake vikaafikiana na vya mdogo wake kimoja baada ya kingine, kana kwamba damu haikuwahi kusikia habari za makochi.

Dohani alikubali siku hiyo hiyo. Mkewe alipomuuliza imekuwaje, alisema, "Akifa watasema mimi ndiye niliyemuua. Simpi nafasi hiyo." Usimtafutie sababu nzuri kuliko hiyo, mwenyewe hakuitafuta.

Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi asiye na muda wa mazungumzo, aliitazama picha ya kifua chake, akamtazama na yeye, akairudia picha.

"Humu umejenga jiko," alisema. "Mimi simpasui mvutaji. Unaacha leo. Siku ya kulazwa tutakupima pumzi na damu. Ukiwa umevuta, wewe nakurudisha nyumbani na ndugu yako namrudisha kwenye mashine. Na mashine haitamshikilia sana."

"Hata moja?"

"Hata nusu."

Wasiovuta hudhani sigara hukaa mdomoni. Dohani aligundua kwamba kwake ilikuwa imekaa kila mahali: kwenye chai ya asubuhi, kwenye kitasa cha mlango, kwenye dakika ile mteja anapogeuka kuondoka na wewe unabaki umesimama huna la kufanya. Na ilikaa kwenye kazi yenyewe. Dohani alikuwa fundi wa kizamani. Vijana siku hizi hupiga kitambaa kwa bunduki ya pini, ta-ta-ta, wamemaliza. Yeye alitumia misumari midogo, ile yenye vichwa bapa, na aliiweka mdomoni konzi nzima. Ulimi uliigeuza, ukausukuma mmoja hadi kwenye midomo, nyundo yenye sumaku ikaudaka, huku mkono wa pili umevuta kitambaa kwa nguvu zote. Misumari ilikaa shavu la kulia. Pembe ya kushoto ya mdomo ilikuwa ya sigara. Sasa pembe ile ilikuwa tupu, na ilimuuma kuliko jino.

Ushauri ulimwagika bure. Dada yake alimletea tangawizi, akaitafuna hadi ulimi ukafa ganzi. Jirani alimwambia atafune karoti, akazitafuna hadi mkewe akamuuliza kama amemeza sungura. Mwenye kioski cha kona alimwambia anywe maji kila arosto ikimshika. Alikunywa. Kiu ya sigara iliyaacha maji yapite, ikabaki palepale inamsubiri.

Watu wakaanza kumkwepa. Mteja mmoja aliuliza kama kitambaa cha kijani kingependeza zaidi, akaambiwa akakae juu ya majani. Paka wa karakana alirushiwa kipande cha sponji kwa kosa la kupiga miayo. Nyumbani, mezani, Dohani aliweka kijiko chini akamtazama mkewe kwa chuki kamili.

"Mama watoto, unapumua kwa kelele."

"Kwa hiyo niache?"

"Punguza."

Hapo ndipo Mwalimu alipotokea. Alikuja asubuhi ya siku isiyo ya mashine, akitembea kama mtu anayekanyaga mayai, mwavuli mkononi na kichupa cha maji aliyopimiwa kunywa kwa siku mfukoni. Hakubisha hodi. Alitafuta kochi lililokuwa bado na mbao na springi tupu, akatandika nusu ya gazeti, akaketi.

"Umefuata nini?" aliuliza Dohani.

"Nimekuja kulinda mali yangu."

"Mali gani?"

"Figo. Watatoa ya upande gani, kushoto au kulia? Niambie, nijue upande wa kutazama."

Dohani akajaza mdomo misumari, akamgeuzia mgongo. Haikupita muda kiu ikamjia, ile ya baada ya chai, ambayo ndiyo mama wa zote. Ilianzia kwenye meno ikashuka kifuani. Mkono wa kuvutia kitambaa ukaanza kutetemeka. Akautema msumari mmoja kombo, ukaanguka, akainama kuuokota, na alipokuwa chini huko aliona, wazi kama anasoma, kwamba atainuka, atatoka nje, atakwenda kioski, na mambo ya figo yatajijua.

"Mshono huo umepinda," alisema Mwalimu kutoka kwenye springi zake. "Nimekaa nautazama. Mtoto wa darasa la kwanza akinichorea mstari hivyo, namwita mzazi wake."

Dohani aliinuka. Akatema misumari yote kwenye kiganja.

Maneno aliyoyasema hayaandikiki yote. Alianza na vichwa vya watu wanaojua kuhesabu lakini hawajui kupiga hata msumari wa kutundikia shati. Akapitia makochi ya kontena, ambayo alisikia yamebonyea katikati, na akamwambia Mwalimu kwamba Mungu si mjinga. Akamkumbusha nani alimbeba mgongoni kuvuka dimbwi kwenda shule hiyo anayojivunia. Mwalimu naye, uso umevimba na pumzi fupi, hakukubali kunyamaza. Alijibu neno kwa neno, kidole kimoja juu kama yuko ubaoni. Walipochoka wote wawili, Dohani akarudisha misumari mdomoni, akapiga upande mzima wa kochi bila kusimama. Alikuwa amefika kwenye pembe ndipo akashtuka kwamba kiu ilikuwa imeondoka na hata hakuiona ikitoka.

Waliowahi kuacha wanajua: kiu hiyo haikai. Inakuja kwa kishindo, inakutikisa dakika chache, na ukiivusha inakwenda zake mpaka zamu nyingine. Kila mtu huivusha kwa chombo chake. Dohani, baada ya tangawizi na karoti na maji yote yale, alikuwa amepata chombo chake, na kilikuwa kimekaa juu ya springi kinajipepea kwa gazeti.

Mwalimu aliendelea kujipepea. Lakini macho ya mwalimu yamezoea kumkamata anayeibia mtihani, na yeye alikuwa ameuona mkono ule ukitetemeka, kisha akauona ukitulia. Kesho yake alikuja amejiandaa. Alikuwa amekaa nyumbani akayapanga, ungedhani ni vipindi: tusi la baada ya chai, tusi la saa ya chakula, tusi la jioni pale vivuli vinapoanza na mvutaji anajisikia yatima.

"Kaka," alikuwa akisema taratibu, pindi tu mkono wa Dohani ukianza kutafuta mfuko wa shati, "nimekuwa nikiwaza. Hivi wewe uliacha shule, au shule ndiyo iliyokuacha?"

Au: "Mteja aliyekuletea kochi hili, ulimkosea nini?"

Au, huku akimtazama anavyohangaika kuingiza sponji kwenye foronya yake: "Ningekuwa sponji hiyo, ningekataa na mimi."

Raha yake kubwa ilikuwa kungoja hadi kaka yake ajaze mdomo. Mtu mwenye konzi ya misumari mdomoni hawezi kujibu; akifungua mdomo anameza. Basi Mwalimu alishusha maneno yake hapo hapo, kwa sauti ya upole, na Dohani alivimba mishipa ya shingo, akanguruma kwa pua, akapiga misumari kwa kasi ya ajabu ili amalize apate kusema. Kazi zikaenda mbio. Seti ya kochi iliyolala karakana tangu msimu uliopita ilikamilika kwa hasira tupu, na mwenyewe alipokuja kuichukua alisema hajawahi kuona kitambaa kilichokazwa namna ile.

Majirani walivuta viti. Walikumbushana kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hakuna aliyekwenda kulima, maana mambo yalikuwa matamu. Na ndugu wenyewe, ungewauliza, wangekuapia kwamba hakuna kilichobadilika. Dohani aliendelea kumchukia Mwalimu kwa moyo wake wote. Ila asubuhi Mwalimu akichelewa, alikuwa akitoka nje mara kwa mara, mikono kiunoni, anatazama barabara.

Siku zikasogea. Tarehe ya upasuaji ikapangwa. Dohani hakuwa amevuta.

Aliyeharibu ni dada yao, na aliharibu kwa upendo, kama yanavyoharibika mambo mengi. Dada huyu alizaliwa kati ya wawili hao na maisha yake yote alikuwa akiwashika wasirushiane vitu. Alikuja karakana na kapu la matunda, akakuta majirani wamejaa mlangoni. Akapenya. Akamkuta Dohani ameinua nyundo juu, macho mekundu, na Mwalimu amekaa anamnyooshea kidole huku anasema, "Hata marehemu baba, ulipoingia chumbani kwake siku ile, aligeukia ukutani!"

Dada aliangusha kapu.

"Nyinyi ni watu?" alipiga kelele. "Huyu anatoa kiungo chake, huyu anapokea, na bado mnatiana sumu? Mnadhani mwili hausikii? Figo iliyotolewa kwa chuki mwili utaikataa! Utaitema! Wewe," akamgeukia Mwalimu, "utakufa na figo ya kaka yako tumboni, kwa mdomo wako!"

Dohani alitaka kucheka. Akamtazama Mwalimu ili wacheke wote, na akaona Mwalimu hacheki. Uso wa mdogo wake ulikuwa umeingia hofu. Mtu yule wa hesabu, asiyeamini kitu mpaka akithibitishe kwa mistari miwili, alikuwa ameambiwa neno moja la kijinga na likamwingia, kwa sababu alikuwa mgonjwa, na mgonjwa hana ngozi.

Wakapatanishwa jioni hiyo hiyo nyumbani kwa Mwalimu, kwenye yale makochi ya kontena, ambayo kweli yalikuwa yamebonyea. Dada alikaa katikati, akachukua mkono wa huyu na mkono wa huyu, akavikutanisha viganja. Kiganja cha Mwalimu kilikuwa baridi na laini mno, kimevimba, kidole cha Dohani kikizama humo kama kwenye unga uliokandwa.

"Kaka," alisema Mwalimu. Hakunyanyua kidole juu. "Nisamehe. Nimekusema vibaya miaka mingi. Na asante. Unanipa maisha, na mimi sikustahili hata salamu yako."

Dada alilia kwa furaha. Dohani alisema, "Haya, haya," akatazama dirisha. Maisha yake yote, kitu kikimgusa moyo, alitoka nje akawasha. Baba alipokufa aliwasha. Binti yake alipozaliwa aliwasha mbili. Hakuwahi kujifunza njia nyingine. Na hapo, kiganja cha mdogo wake kikiwa bado kimo ndani ya chake, kiu ya sigara ilimshika kwa nguvu ambazo hajawahi kuziona tangu aache, ikamkaba, akalazimika kusema anakwenda kunawa uso.

Balaa likaanzia hapo. Mwalimu aliendelea kuja karakana, lakini aliyekuja alikuwa mtu mwingine. Aliketi kwa adabu. "Mshono mzuri sana huo, kaka." "Pole na kazi, kaka." Mkono wa Dohani ulitetemeka mbele yake waziwazi, naye alitazama pembeni, akauma midomo, akameza neno lililokuwa limemjia. Lilimjia, Dohani aliliona! Aliliona likipita usoni kwake, tamu, limeiva, na likamezwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dohani alisifiwa siku nzima, na kufikia jioni alikuwa amejigonga kidole kwa nyundo mara mbili na kukata kitambaa cha mteja upande usio wake.

"Sema kitu," alimwambia mdogo wake kwa sauti ya chini.

"Niseme nini, kaka?"

"Kitu. Chochote. Kama zamani."

"Hayo yamepita," alisema Mwalimu, akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko yote.

Halafu hali yake ikashuka, akalazwa kusubiri upasuaji, na springi zikabaki tupu. Dohani alijaribu kugombana na wengine. Alimtukana mwenye kioski, mwenye kioski akamwambia, "Pole mzee, tunakuombea." Alimfokea mkewe kwa ajili ya chumvi, mkewe akamkumbatia. Mtaa mzima ulikuwa umeambiwa na dada kwamba shujaa wao atendewe kwa upole. Hakubaki hata mtu mmoja wa kumchukia.

Siku moja kabla ya kulazwa yeye mwenyewe, mchana, alifunga karakana. Kioski cha kona kilishakatazwa kumuuzia, kwa hiyo akatembea mtaa wa pili, akavuka wa tatu, mpaka alipofika dirisha la duka ambako hakuna aliyemjua. Akanunua sigara moja na kiberiti. Muuzaji hata hakumtazama.

Nyuma ya duka palikuwa na ukuta na ndoo zilizopasuka. Akaiweka sigara kwenye pembe ya kushoto ya mdomo. Loo. Pembe ile iliipokea kama mama anavyompokea mtoto wake aliyepotea sokoni. Mwili wote ulitulia hata kabla ya moto. Akawasha kijiti, kikazimika. Akawasha cha pili akakikinga kwa kiganja.

Hapo alifanya jambo moja ambalo alikuwa amelizoea: alimtafuta Mwalimu. Alimtafuta yule wa zamani, amkasirikie, kiu ipite. Alitafuta kidole kilichonyooshwa, alitafuta ile sauti. Kila alipomfikia, alikuta uso uliovimba unasema nisamehe kaka. Walikuwa wamemwibia. Kitu pekee kilichokuwa kinamsaidia duniani walikuwa wamekichukua, wakampa asante badala yake, na mbele ya ukuta ule Dohani aliona ukweli wote: ataivuta sigara hii, kesho kipimo kitasema, daktari mfupi atamrudisha nyumbani, na mdogo wake atakufa akiwa mpole.

Kijiti kikamwunguza kidole. Akakitupa, akaikunja sigara ngumini, akaenda hospitali kwa miguu, karibu anakimbia.

Wodini, dada alikuwa kwenye kiti pembeni ya kitanda, chupa ya chai magotini. Mwalimu alikuwa amelala chali, mdogo kuliko shuka. Alipomwona kaka yake, akatabasamu.

"Karibu kaka yangu mpendwa."

"Unasikia?" Dohani alimgeukia dada. "Unasikia huo uchafu? Ndio anaoniulia!"

Akafungua ngumi, akaiweka sigara juu ya shuka, katikati ya kifua cha mgonjwa. Dada alishika mdomo.

"Sijavuta," alisema Dohani. "Naapa, sijavuta. Lakini nikitoka mlango huo navuta. Kiberiti hiki hapa. Najijua mimi." Akainama mpaka pua yake ikakaribia ya Mwalimu. "Nitukane."

"Kaka!" dada alisimama. "Mmeshapatana! Kesho ndiyo—"

"Kaa chini, dada. Kupatana ndiko kunakomuua huyu. Wewe! Nimesema nitukane."

Mwalimu alifumba macho. "Siwezi," alisema. "Mwili utaikataa."

"Wewe mtu wa hesabu unaamini hayo?"

"Siamini. Naogopa tu. Nikiwa peke yangu naogopa sana, kaka."

Kiu ikamrudia Dohani. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kwenye kiberiti. Akaanza yeye, ili amchokoze. Akamwambia ni mwalimu gani wa hesabu aliyeshindwa kuhesabu vidonge vyake mwenyewe. Akamwambia wanafunzi wake wanashangilia alivyolazwa. Akamwambia figo zake zilijinyonga kwa kumchoka. Sauti ilikuwa ikimkatika katikati ya maneno. Mwalimu alimtazama tu, na macho yake yakaanza kulowa.

"Usilie!" Dohani karibu apige magoti. "Mdogo wangu, usilie. Ukilia nawasha humuhumu ndani."

Mwalimu alijifuta kwa kona ya shuka. Kisha taratibu, kwa shida, akajiinua kwenye mto. Akamkagua kaka yake kuanzia nywele hadi viatu, na kitu cha zamani kikarudi kwenye pembe za macho yake.

"Unajua mara ya mwisho nilikojoa lini?" aliuliza.

Dohani alitikisa kichwa.

"Hata mimi sikumbuki. Mashine inakojoa kwa niaba yangu. Wagonjwa wenzangu humu hawaoti magari, wanaota choo. Kusimama tu pale, kusikia maji yanashuka." Akavuta pumzi. Kisha kile kidole kilichovimba kikapanda juu, polepole, hadi kikasimama. "Sasa wewe unaniletea figo. Kuukuu, imekaushwa kwa moshi miaka yote hiyo, hata mbwa angeinusa kwanza. Sawa. Nitaichukua, sina pa kuchagua. Na nikipona, nitakwenda chooni. Asubuhi, mchana, jioni. Na kila nikisimama pale, kaka, kila siku ya maisha yangu, nitakukumbuka wewe. Palepale. Sijaona mahali pengine panapofanana na wewe."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuza shingo.

"Chooni?" alisema Dohani.

"Chooni."

"Mimi? Kaka yako mkubwa?"

"Wewe. Na uso wako huo."

Mshipa wa paji la uso wa Dohani ulisimama. Akafungua mdomo, na maneno yakamtoka kwa wingi hata hayakupangana: baradhuli, mkosa haya, mtoto aliyenyonya mpaka akaota meno yote, mlafi wa viungo vya watu. Dada alikuwa ameinama juu ya chupa ya chai, mabega yanatikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Muuguzi alifika mbio, akamshika Dohani mkono, akamwambia hapa ni hospitali si sokoni. Alikubali kuvutwa. Alivutwa kinyumenyume hadi mlangoni, akiwa bado anafoka, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, mikono yote miwili iko tupu, sigara na kiberiti vimebaki juu ya shuka ya mgonjwa.

Mlangoni alishika fremu kwa nguvu, muuguzi akashindwa kumtoa.

"Na ukimaliza umwage maji!" alimpigia kelele mdogo wake. "Unanisikia? Tangu utotoni humwagi maji, mshenzi wewe! Umwage maji!"